Elisabeth wa Hesse, Binti wa Wafalme Aliyewatumikia Maskini



Mwaka 1613 wakuu wa nchi ya Urusi walikutanika mjini Moscow. Walikuwa wamechoka kwa njaa, na vita, na watu wa uongo waliojitwalia ufalme. Wakamchagua kijana wa miaka 16, jina lake Mikhail Romanov, awe mtawala wao. Na ukoo wake ukakaa katika enzi miaka 304. Watawala hao waliitwa kwa jina ambalo asili yake ni lile neno Kaisari tulijualo katika Injili, nasi tutawaita hivyo. Katika ukoo huo alitoka Petro Mkuu, aliyeanza kuujenga mji wa Saint Petersburg mwaka 1703. Akaolewa humo Katarina, binti wa Kijerumani aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri, naye akatawala tangu 1762 hata 1796. Akatoka Alexander wa Pili, ambaye mwaka 1861 aliwaweka huru wakulima zaidi ya milioni 20 waliokuwa kama watumwa wa mabwana wa mashamba. Hata mwaka 1917 enzi ile ikaanguka katika muda wa siku chache, kama mti mkubwa ulioliwa na mchwa kwa ndani, na watu waupitao njiani wakidhani kwamba ni mzima.

Lakini mwezi huu hatukusudii kueleza habari za wale waliokalia kiti cha enzi. Tunataka kusimulia maisha ya mwanamke mmoja wa nyumba ile, ambaye hakutawala nchi yo yote. Alizaliwa Mlutheri, akafa akiwa mkuu wa masista katika Kanisa la Kiorthodoksi. Kwa hiyo wako miongoni mwetu wamwonao kama mtu aliyepotea, na wako Waorthodoksi wanaomwomba kama mtakatifu. Sisi hatufanyi hili wala lile. Tutayaeleza maisha yake kwa utaratibu, mema yake na upungufu wake, tuone ni kitu gani kilichobaki baada ya enzi kuanguka.

NYUMBANI KWA BABA YAKE

Elisabeth alizaliwa Darmstadt, katika nchi ya Hesse huko Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1864. Nchi hiyo si ngeni kwa watoto wa Matengenezo ya Kanisa. Filipo wa Hesse ndiye mtawala aliyewakaribisha Martin Luther na Ulrich Zwingli mjini Marburg mwaka 1529, ili washauriane habari za Chakula cha Bwana. Baba yake Elisabeth, jina lake Ludwig, alishika utawala wa Hesse mwaka 1877; na mama yake, Alice, alikuwa binti wa Victoria, Malkia wa Uingereza. Jina la mtoto lilikuwa ukumbusho wa Elisabeth wa Thuringia, bibi wa kale wa ukoo wao. Huyo aliishi katika ngome ya Wartburg, miaka 300 kabla Luther hajafichwa mumo humo na kulitafsiri Agano Jipya. Alifariki mwaka 1231, akiwa na miaka 24 tu, hali amekwisha kuitumia mali yake kwa ajili ya maskini na wagonjwa.

Mama yake Alice hakuwa mtu wa kukaa kitako na kutumikiwa. Mwaka 1867 alianzisha chama cha wanawake wa kuwauguza wagonjwa na majeruhi, akawafundisha watoto wake kuwazuru wagonjwa hospitalini. Nyumba yao ilikuwa ya kifalme, lakini kifo hakikuona haya kuiingia. Mwaka 1873 Friedrich, ndugu yake Elisabeth, alianguka dirishani akafa, kwa sababu alikuwa na ule ugonjwa ambao damu haigandi. Mwaka 1878 dondakoo iliingia nyumbani. Ikamwua mdogo wake Marie, aliyekuwa na miaka minne. Kisha mama, aliyekuwa akiwauguza, akaambukizwa akafa tarehe 14 Desemba. Elisabeth alikuwa na miaka 14. Basi alijua mapema kwamba mlango wa jumba kubwa hauna kitasa cha kuizuia mauti.

KUOLEWA KWAKE URUSI

Tarehe 15 Juni 1884 aliolewa Saint Petersburg na Sergei, mwana wa yule Alexander wa Pili aliyewaweka huru wakulima. Alexander alikuwa ameuawa kwa bomu mwaka 1881, na ndugu yake Sergei, Alexander wa Tatu, ndiye aliyekuwa Kaisari. Sheria haikumlazimisha mke wa Sergei kuliacha kanisa lake, kwa kuwa mumewe hakuwa mrithi wa enzi. Naye Sergei hakumshurutisha. Elisabeth akakaa Mlutheri miaka saba katikati ya Waorthodoksi.

Mwaka 1888 walisafiri pamoja mpaka Yerusalemu. Katika mteremko wa Mlima wa Mizeituni, hapo Gethsemane, Warusi walikuwa wamejenga kanisa la Maria Magdalene kwa ukumbusho wa mama yake Sergei, naye pia alikuwa mzaliwa wa Hesse. Elisabeth alikuwapo kanisa lile lilipowekwa wakfu. Alisimama mahali ambapo, miaka 33 baadaye, watu wangeleta mwili wake.

Mwaka 1891, siku chache kabla ya Pasaka ya Warusi, alipokewa katika Kanisa la Kiorthodoksi. Baba yake alihuzunika sana. Sisi nasi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo tunaweza kuifahamu huzuni ile, maana si jambo jepesi mtoto kuiacha madhabahu aliyothibitishwa mbele yake. Lakini haki yatupasa kusema kwamba hakugeuka kwa kutafuta cheo, maana cheo alikuwa nacho. Wala hakugeuka kwa haraka, maana alifikiri miaka saba. Mdogo wake Alix alipoposwa na Nikolai, mrithi wa enzi, alikataa kwanza kwa ajili ya imani yake ya Kilutheri. Mwisho akakubali, wakaoana mwaka 1894, akaitwa Alexandra, mke wa Kaisari Nikolai wa Pili. Hivyo mabinti wawili wa nyumba moja ya Kilutheri waliingia katika ukoo wa Romanov, nao wote wawili wakafa nao.

Mwaka ule ule wa 1891 Sergei aliwekwa kuwa liwali mkuu wa Moscow. Hapa hatutaki kuficha neno. Katika utawala wake Wayahudi wapatao 20,000 walifukuzwa mjini, mafundi na wachuuzi pamoja na wake zao na watoto, wasiokuwa na kosa ila kuzaliwa Wayahudi. Mwaka 1896, siku za kutawazwa kwa Nikolai, makutano makubwa walikuja katika uwanja wa Khodynka kupokea zawadi. Mashimo hayakufukiwa, askari walikuwa wachache, na watu zaidi ya 1,300 wakakanyagwa wakafa. Usiku ule Kaisari alikwenda kwenye dansi ya balozi wa Ufaransa. Watu wengi wa Moscow walimlaumu Sergei, na watu wengi wa Urusi hawakuusahau usiku ule. Elisabeth alikuwa mke wa liwali huyo. Aliwasaidia maskini, hilo ni kweli. Lakini alikaa katika majumba yale, akavaa vito vile, na heshima yake ilitoka katika enzi ile ile iliyowafukuza wanyonge.

MAUTI YA MUMEWE

Mungu hakuwapa mtoto. Lakini tangu mwaka 1902 waliwalea Maria na Dmitri, watoto wa Pavel, ndugu yake Sergei, ambao mama yao alikuwa amefariki.

Mwezi wa Januari 1905 askari wa Kaisari waliwapiga risasi wafanya kazi wa Saint Petersburg waliokuwa wakija kumletea maombi yao. Hasira ikaenea nchi nzima. Katika Moscow kijana mmoja, Ivan Kalyayev, alikuwa amepewa kazi na wenzake ya kumwua Sergei. Tarehe 15 Februari alilisogelea gari lake la farasi akiwa na bomu mkononi. Lakini alipowaona Elisabeth na wale watoto wawili ndani yake, hakulitupa. Siku mbili baadaye Sergei alitoka peke yake na mwendeshaji wake, na Kalyayev akalitupa bomu katika Kremlin, ile ngome ya Moscow.

Elisabeth alisikia mshindo akatoka mbio. Akapiga magoti katika theluji, akaikusanya miili iliyopasuka ya mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Jioni ile alikwenda hospitalini kumzuru mwendeshaji wa gari, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya. Alikwenda na nguo yake ile ile ya mchana, bila kuvaa nguo za msiba, ili mgonjwa asijue kwamba bwana wake amekufa. Siku chache baadaye mtu yule naye akafa.

Kisha akafanya neno ambalo watu wa nyumba yake hawakulitazamia. Alikwenda gerezani kuonana na Kalyayev. Akamwambia kwamba anamsamehe, akamwachia picha takatifu ndogo, akamsihi atubu. Kalyayev hakutubu kwa ajili ya tendo lile, wala hakutaka kuomba asamehewe na Kaisari. Alinyongwa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Watu wengine husema kwamba basi safari ile ya gerezani ilikuwa bure. Sisi hatusemi hivyo. Msamaha wa kweli haungojei mkosaji alainike kwanza. Hapo mumewe alipouawa alisimamisha msalaba, na juu yake yaliandikwa maombi ya Bwana wetu kwa ajili ya wale waliomsulibisha. Msalaba ule ulivunjwa mwaka 1918, ukasimamishwa tena mwaka 2017.

NYUMBA YA MARTHA NA MARIAMU

Elisabeth sasa alikuwa mjane wa miaka 40. Alizikusanya mali zake, vito na manyoya na picha za thamani, akaziuza. Kwa fedha hizo alinunua mahali katika njia ya Ordynka mjini Moscow, na mwezi wa Februari 1909 akafungua nyumba ya masista. Akaiita kwa majina ya wale ndugu wawili wa Bethania, Martha na Mariamu, kwa sababu alitaka mikono ya Martha na masikio ya Mariamu yawe ya mtu mmoja. Mwaka 1910 yeye na masista 17 waliwekwa wakfu. Baadaye hesabu yao ikafika kama mia moja.

Palikuwa na hospitali, na duka la dawa lililowapa maskini dawa bure, na nyumba ya kulea wasichana yatima, na shule ya watu wazima wasiojua kusoma, na jiko la kuwapikia wenye njaa. Kanisa lao lilijengwa na fundi Alexei Shchusev; na tazameni mambo ya dunia, fundi huyo huyo ndiye aliyejenga baadaye kaburi la Lenin katika mji ule ule.

Mkuu wa nyumba ile hakukaa mezani na kuandika barua tu. Alifunga vidonda, alikesha na wagonjwa wanaokufa, akaingia katika mitaa ya soko la Khitrov, mahali pa walevi na wezi, kuwatafuta watoto walioachwa. Husimuliwa habari ya mpishi mmoja aliyeungua mwili kwa mafuta ya taa, ambaye hospitali nyingine ilikuwa imemkatia tamaa. Elisabeth akamfunga vidonda kila siku kwa mikono yake, ingawa harufu ilikuwa kali hata wasaidizi wakashindwa kusimama, na mwanamke yule akapona.

Ndugu wasomaji, hapa tunakuta jambo lituhusulo sisi. Elisabeth aliwaomba wakuu wa kanisa la Urusi waifufue huduma ya kale ya madiakonisa, yaani wanawake watumishi wa kanisa, kama Foibe anayetajwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi. Huduma hiyo Kanisa letu liliifufua Ujerumani kabla Elisabeth hajazaliwa, wakati Mchungaji Theodor Fliedner alipofungua nyumba ya madiakonisa katika Kaiserswerth mwaka 1836. Na madiakonisa wa namna hiyo walifika baadaye hata katika misheni zetu za Afrika ya Mashariki. Wakuu wa kanisa la Urusi hawakumpa jina hilo. Aliendelea na kazi bila jina. Mara nyingi tunaona katika sharika watu wanaongoja wapewe cheo ndipo waanze kazi. Mama huyu alinyimwa cheo, na kazi haikusimama hata siku moja.

VITA NA MAPINDUZI

Vita vilipoanza mwaka 1914 masista waliwauguza askari. Lakini watu wa Moscow walikumbuka kwamba mkuu wao ni Mjerumani wa kuzaliwa. Mwaka 1915 makundi ya watu walivunja maduka ya Wajerumani, na wengine wakaja mpaka lango la nyumba ile na mawe.

Wakati huo Alexei, mwana wa Kaisari, alikuwa na ugonjwa ule ule wa damu uliomwua ndugu yao Friedrich. Kwa uchungu wa mama, Alexandra alimtumaini Rasputin, mkulima kutoka Siberia aliyejifanya mtu wa Mungu. Mtu huyo akapata nguvu hata katika kuwekwa kwa mawaziri. Desemba 1916 Elisabeth alikwenda kumwonya mdogo wake. Alexandra hakutaka kusikia, akamwondosha, nao hawakuonana tena duniani.

Muda si muda Rasputin akauawa. Mmoja wa wale waliopanga njama alikuwa Dmitri, yule mtoto aliyelelewa na Elisabeth, ambaye uhai wake ulikuwa umeokolewa na mwuaji aliyeuzuia mkono wake. Na Elisabeth aliposikia, alipeleka simu za kuwasifu wauaji, akiona ya kuwa wameiokoa nchi. Neno hili linatuhuzunisha, lakini hatuwezi kuliruka. Yule aliyemsamehe mwuaji wa mumewe alifurahia kuuawa kwa mtu mwingine. Moyo wa mwanadamu ndivyo ulivyo: chumba kimoja kimefagiliwa na kutiwa nuru, na chumba cha pili kingali giza. Luther alitufundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi wakati ule ule, nasi tunaliona fundisho hilo katika maisha ya mama huyu kama katika kioo.

MWISHO WAKE

Tarehe 15 Machi 1917 Nikolai aliacha enzi. Wajumbe wa nchi za kigeni walimshauri Elisabeth aondoke Urusi, naye angeweza. Lakini hakutaka kuwaacha wagonjwa na yatima. Tarehe 7 Mei 1918, katika juma la Pasaka, watumishi wa serikali ya Wabolsheviki walikuja kumkamata. Masista wawili walifuatana naye. Baadaye mmoja wao, Varvara Yakovleva, alipewa ruhusa ya kwenda zake. Akaomba kubaki na mama yake wa kiroho, akijua mwisho wa njia ile.

Walifungwa katika shule ya mji wa Alapayevsk, karibu na milima ya Ural, pamoja na wakuu wengine wa ukoo wa Romanov. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 Nikolai, Alexandra na watoto wao watano waliuawa katika mji wa Yekaterinburg. Usiku uliofuata Elisabeth na wenzake saba walipelekwa mwituni penye shimo la migodi lililoachwa. Sergei Mikhailovich, mmoja wa wakuu wale, alipigwa risasi. Wengine wakatupwa shimoni wangali hai, na mabomu yakatupwa juu yao. Wenyeji wa mahali pale walisimulia kwamba walisikia sauti za nyimbo za kanisa zikitoka chini. Aliyekuwa akiuguza wengine miaka mingi alikufa bila mwuguzi.

Mwezi wa Oktoba jeshi lililopigana na Wabolsheviki liliwatoa. Majeneza yakachukuliwa kwa gari la moshi kupita Siberia mpaka Beijing. Na kwa juhudi ya Victoria, dada yake mkubwa, jeneza la Elisabeth na la Varvara yakasafirishwa kwa meli. Januari 1921 walizikwa Gethsemane, katika lile kanisa la Maria Magdalene.

YALIYOBAKI

Enzi ya Romanov haikurudi. Nyumba ya Martha na Mariamu ilifungwa na serikali mwaka 1926. Lakini katika miaka ya 1990 ilifunguliwa tena, na masista wakarudi katika njia ya Ordynka. Warusi Waorthodoksi walio nje ya nchi walimhesabu Elisabeth kuwa mtakatifu mwaka 1981, na kanisa la Moscow mwaka 1992. Mwaka 1998 sanamu yake iliwekwa juu ya mlango wa kanisa la Westminster, London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ile. Miongoni mwao yumo Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wetu wa Kilutheri, na Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda aliyeuawa mwaka 1977.

Na liko tunda jingine. Victoria, yule dada yake, alikuwa na binti, Alice, aliyezaliwa kiziwi. Mwaka 1943, Wajerumani walipokuwa wakiwasaka Wayahudi katika mji wa Athens, Alice aliificha nyumbani mwake jamaa moja ya Kiyahudi mpaka hatari ikapita. Mwaka 1949 akaanzisha ushirika wa masista wa Martha na Mariamu katika Ugiriki, kwa mfano wa mama yake mdogo. Alifariki mwaka 1969, na mwaka 1988 mwili wake ulipelekwa Gethsemane, kama alivyotaka, ili alale karibu na Elisabeth. Basi liwali aliwafukuza Wayahudi kwa nguvu ya enzi. Na binti aliyefuata nyayo za mjane wa liwali akawafungulia mlango, akiihatirisha roho yake. Enzi haikuacha kitu hapo. Utumishi uliacha.

Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu, kwa kuwa tunaye Mwombezi mmoja. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya 21, latufundisha kuwakumbuka, ili imani yetu ipate nguvu tukiona jinsi walivyopewa neema, na ili kila mtu ajifunze matendo mema kwa kadiri ya wito wake. Basi na tumkumbuke hivyo Elisabeth wa Hesse. Katika sharika zetu wako wajane walioonewa kwa ajili ya urithi. Wako ndugu wasiosemezana tangu damu ilipomwagika kati ya nyumba zao. Wako wazee wanaogombea viti vya mbele. Hao wote wanaweza kuuliza, kila mtu katika nyumba yake: kuna gereza gani ambalo Bwana ananituma niende, na mimi nimekuwa nikingoja mkosaji aje kwangu kwanza? Aendaye hatahakikishiwa kwamba atapokewa. Elisabeth hakupokewa. Lakini alirudi kutoka gerezani mtu huru, akaanza kazi ambayo bomu la kwanza halikuizuia, na shimo la Alapayevsk halikuizika.

Mungu atujalie neema hiyo, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.